Mataruma ya Mabua

Neno gari moshi linatuaga. Utotoni mwangu lilikuwa neno lenye mwili. Ukilitamka, uliuona moshi ukilala juu ya mibuyu, na kama ulikuwa karibu na njia ulisikia harufu ya mafuta mazito yakiungua tumboni mwa kichwa. Dizeli ziliposhika kazi, treni ikalisukuma gari moshi pembeni, kwanza vinywani mwa vijana, kisha magazetini. Na tangu mwaka 2024, treni ya umeme ilipoanza kwenda na kurudi kati ya Dar es Salaam na Dodoma, kulitumia neno hilo ni kama kumwita mvutaji mtu aliyeacha tumbaku miaka arobaini iliyopita. Mimi bado nalitumia. Wajukuu hucheka.

Malenga wenzangu, nimekusudia kuandika juu ya maneno ya reli, ila nitayafikia kwa njia ya mzunguko, kupitia mchezo wa kompyuta. Najua baadhi yenu mtauliza mwalimu mstaafu wa Kiswahili anatafuta nini huko. Duniani wapo wazee wengi, hasa wapenzi wa treni za mfano, wenye vyumba vizima vilivyojaa reli ndogo, milima ya karatasi na vituo vya mbao, ambao hadi leo huikumbuka michezo ya biashara ya reli kama mtu anavyoikumbuka redio ya nyumbani kwao. Mimi ni mmoja wao, ingawa treni yangu ya mfano ilikuwa ya makopo.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa genge la reli. Sisi watoto wa kando ya njia tulijenga reli yetu nyuma ya nyumba kila baada ya mavuno, mabua yalipokuwa mengi. Pau zilikuwa mabua marefu ya uwele. Mataruma yalikuwa mabua mafupi ya mtama, yaliyopasuliwa katikati na kulazwa kwa nafasi sawa, maana mtoto wa mtu wa genge hawezi kuvumilia taruma lililokaa upande. Behewa lilikuwa kopo la samaki. Magurudumu tuliyakata kwenye soli za kandambili zilizokwisha, tukipima duara kwa kifuniko cha chupa. Kichwa kilikuwa kopo la maziwa ya unga, na bomba la moshi lilikuwa kipande cha muanzi. Adui wetu mkubwa alikuwa mbuzi. Ungeweza kuacha reli nzima jioni, asubuhi ukakuta kilomita zote zimeliwa.

Lakini kusukuma makopo tu hakukututosha. Tulikuwa na nauli. Fedha yetu ilikuwa mbegu za ubuyu, na kila kituo kilikuwa na mwenyewe. Anayetaka kupitisha kopo lake kwenye mabua ya mwenzake alilipa mbegu tano. Aliyetaka kuongeza njia alikopa mbegu kwa mwingine, akazilipa na nyongeza. Aliyeishiwa mbegu aliuza behewa. Yupo mmoja aliyenunua vituo vyote vinne kati ya kisima na mti wa mkole, akapandisha nauli hadi mbegu kumi, tukamsusa, akabaki peke yake na reli yake. Hatukuwa na jina la mambo hayo, ila biashara ilikuwa kamili.

Ndiyo maana niliposoma, miaka mingi baadaye, jinsi mchezo wa kwanza mkubwa wa aina hii ulivyozaliwa, sikushangaa hata kidogo. Mtunzi wake, Sid Meier wa kampuni ya MicroProse, alianza kwa kuigiza treni za mfano ndani ya kompyuta: unalaza reli, unapanga vituo, unaangalia treni ikizunguka. Mwenzake Bruce Shelley, aliyekuwa ameufanyia kazi mchezo wa ubaoni wa kampuni za reli uitwao 1830, akasaidia kuongeza uhai wa biashara. Hisa, madeni na washindani wakali vikaingia. Railroad Tycoon ikatoka mwaka 1990. Mwaka 1994 Mskoti Chris Sawyer akaleta Transport Tycoon, na mwaka 1998 kampuni ya PopTop ikaleta Railroad Tycoon II. Wazungu wale wenye treni za mfano vyumbani waliipokea kwa shangwe kwa sababu ile ile iliyotufanya sisi tuhesabu mbegu. Treni inayozunguka tu inachosha baada ya siku tatu. Treni yenye deni haichoshi.

Mchezo ulitufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Shule ya sekondari niliyokuwa nikifundisha ilipewa msaada wa kompyuta chache zilizokwisha kutumika ng'ambo, na ndani ya mojawapo mlikuwa na diski ambayo mwenyewe aliisahau. Ilikuwa Railroad Tycoon II. Aliyeigundua ni mwalimu wa Hisabati, ambaye nilisoma naye chuo cha ualimu, tukatenganishwa na vituo vya kazi, yeye akianzia Kilwa na mimi Manyoni, kisha tukakutana tena shule hiyo moja hapa Dodoma. Sitamtaja jina, maana hapendi. Katika maandishi haya nitamwita Mwalimu, kama ninavyomwita nyumbani kwake na kama yeye anavyoniita mimi. Mkuu wa shule alituruhusu tukae ofisini baada ya saa za kazi. Tulicheza hivyo miaka mitatu, tukikatizwa mara kwa mara na umeme, hasa mwaka 2006 wa ule mgawo mkubwa.

Mchezo ulikuwa wa Kiingereza. Sisi tulicheza kwa Kiswahili, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Gawio na hisa havikutupa taabu. Hatifungani ilitufurahisha: hati inayofunga pande mbili, aliyekopa na aliyekopesha, na kila Mwalimu alipotaka kuchukua mkopo mwingine nilimwuliza kama yuko tayari kufungwa. Tuliposhindwa ni kwenye jina la mchezo wenyewe. Huyu mtu mwenye reli, mwenye mabilioni, anayenunua wenzake, aitwe nani? Tajiri ni neno jepesi, hata mwenye duka la nafaka ni tajiri. Kabaila ana mashamba. Bepari lilikuwa karibu zaidi na ukweli, lakini sisi ni watu tuliokuwa wanafunzi baada ya Azimio la Arusha la 1967, na neno hilo tulilifundishwa likiwa na mkia na pembe. Isitoshe, katika akili zetu reli haikuwa kitu cha mtu. Ilikuwa ya nchi tatu, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 ikawa ya Shirika, yaani yetu. Mwishowe tukakubaliana na Mwenye Reli, jina ambalo kwetu sisi wawili lilibaki na harufu ya mzaha.

Hata hivyo, faida kubwa ya kucheza kwa Kiswahili ilikuwa kuyatazama upya maneno tuliyodhani tunayajua. Chukua taruma. Kwetu bara ni gogo au chuma kinachobeba reli, basi. Lakini fungua kamusi ya zamani, utakuta taruma lilikuwa mbao ya chombo cha baharini, ule ubavu unaokaza mwili wa jahazi. Chukua behewa. Kabla halijafungwa magurudumu, lilikuwa sehemu ya ndani ya nyumba ya mwambao, ukumbi au ua wa katikati. Gari lenyewe limetoka Bara Hindi. Hebu fikirini: ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Katika miaka ile michache watu walilazimika kukipa majina kitu ambacho wengi wao hawakuwahi kukiona, na hawakuogopa. Walikitazama chuma kirefu kimelala juu ya magogo yaliyopangwa, wakaona mbavu za jahazi lililopinduliwa. Wakaingia ndani ya gari, wakaona nyumba. Sijui ushairi mwingine uliofanywa kwa haraka vile na ukadumu vile.

Sasa niwaambie habari ya Kongwa, maana bila hiyo hamtamwelewa Mwalimu.

Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company iliyokuwa tanzu ya Unilever, aliipelekea serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga kwa mashine katika Tanganyika. Vita vilikuwa vimekwisha na Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Ujumbe uliongozwa na John Wakefield ukazunguka nchi kwa wiki tisa hivi, ukarudi na hesabu: ekari 3,210,000. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Mibuyu ikakataa kung'oka. Vifaru vya kivita vikageuzwa matrekta, minyororo ya nanga za meli ikaburutwa kati ya mashine mbili ili ing'oe vichaka. Udongo wetu, ambao kila mwanamke wa Kigogo mwenye jembe anaujua, ukawa mgumu kama tofali la kuchoma mara mvua ilipokatika. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Januari 1951 serikali ikatangaza kuuacha mradi, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Sehemu kubwa ya ardhi ile leo ni ranchi ya ng'ombe, kazi ambayo ardhi ingejichagulia yenyewe kama ingeulizwa.

Kwa ajili ya karanga hizo lilijengwa tawi la reli kutoka Msagali, kupitia Kongwa, hadi Hogoro. Kusini nako kulijengwa njia nzima ya kwenda Nachingwea. Karanga hazikuja. Tawi la Hogoro liling'olewa miaka ile ile ya 1950, na reli ya Nachingwea ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Baba yake Mwalimu alikuwa kijana tawi lile lilipojengwa, na alikuwa katika genge lililolaza mataruma. Miaka michache baadaye akaitwa tena, kwa mshahara ule ule na nyundo ya aina ile ile, ayang'oe. Mwalimu alikua akiisikia habari hiyo jioni baada ya jioni. Mzee hakuwa akilalamika. Alikuwa akieleza tu, kwa mshangao usiokwisha, kwamba kung'oa ni kazi nyepesi kuliko kulaza, na kwamba wenyeji waliokuja kutazama wakati wa kulaza walikuja tena kutazama wakati wa kung'oa, wakakaa chini ya mti ule ule.

Kwa hiyo Mwalimu katika mchezo hakufunga tawi lolote. Kamwe. Aliweza kuwa na njia tatu zinazomwingizia faida na moja inayomla, naye akaendelea kuilisha ile moja kwa faida ya tatu. Mimi nilifunga. Mchezo unakuonesha hesabu waziwazi, kituo hiki kinakupa hasara, gusa hapa kiondoke, nikagusa. Na jambo hili tulilibishania kwa miaka, kwa kuwa lilikuwa kinyume cha matarajio ya kila aliyetusikia: mtu wa hesabu akitetea hasara, mtu wa mashairi akishika panga. Hoja yangu ilikuwa, na bado ni, kwamba Mwenye Reli aliyefilisika hafikishi abiria popote, na kwamba tawi la Hogoro lilikosewa siku ya kulaza, siyo siku ya kung'oa. Hoja yake ilikuwa fupi zaidi. Alisema njia ikishapita mbele ya mlango wa mtu, huyo mtu amekwisha kupanga maisha yake juu yake, na hiyo nayo ni deni, ila halikuandikwa.

Usiku mmoja, baada ya kukifunga kituo cha kubuni chenye jina la Kijerumani, nilimwandikia ubeti huu nyuma ya karatasi ya mtihani:

Kituo kilipofungwa, hapakupigwa kengele,
Bendera haikupungwa, kwa gari la kwenda mbele,
Wachuuzi walitengwa, na vikapu vilevile,
Hesabu iliyochongwa, haikuhesabu wale.

Akausoma mara mbili, akahesabu mizani kwa vidole, akasema, “Mwalimu, unafunga kituo mchana, usiku unakililia.” Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo kazi yetu. Kuhusu mshororo wa mwisho alinuna kweli. Hesabu, alisema, haina kosa. Mwenye kosa ni yule aliyeandika swali akawaacha wale nje. Mshororo sikuubadilisha, kwa sababu vina vilikuwa vimekaa vizuri, na kwa sababu yeye mwenyewe anaukariri hadi leo.

Jambo moja hatukulifanyia mzaha. Michezo hii huwa na ajali, na vijana waliotuchungulia dirishani walipenda kuziona. Lakini tarehe 24 Juni 2002, katika mteremko wa Igandu, mkoani kwetu hapa, treni ya abiria ilirudi nyuma ikaenda kuigonga treni ya mizigo, wakafa watu 281. Diski ile tuliikuta wakati Dodoma nzima ingali na majeraha. Tulipofika mahali pa kuchagua, Mwalimu aliagiza tutafute namna ya kuzima ajali zote, na hazikuwashwa tena.

Tulistaafu mwaka mmoja, yeye akitangulia kwa miezi. Diski ilikuwa imekwaruzika zamani. Nilidhani habari imekwisha, hadi mwanafunzi wetu wa zamani aliponiwekea kwenye kompyuta yangu OpenTTD, programu huria iliyoanza mwaka 2004 kwa kuufufua mchezo wa Chris Sawyer, na ambayo watu wa kujitolea wanaiendeleza mpaka sasa bila malipo. Uzuri wake kwetu ni kwamba unaweza kutengeneza ramani yako na kuipa miji majina uyatakayo. Nikaanza kuchora Reli ya Kati: Kilosa, Kidete, Godegode, Gulwe, Msagali, Igandu, Dodoma, Bahi, kisha ukuta wa Bonde la Ufa, Saranda, Manyoni, Itigi. Nikachagua ile tabianchi ya joto, ambayo ina sheria moja iliyonifanya nicheke peke yangu saa tano usiku: mji uliojengwa jangwani haukui mpaka upelekewe maji na chakula. Waliotunga sheria hiyo wanaijua Kongwa kuliko waliokwenda Kongwa.

Nikampelekea Mwalimu kwa furaha. Alikaa mbele ya kompyuta kwa muda, akigeuza kichwa huku na huku kama kuku anayetafuta punje, kisha akasema, “Sioni ramani. Naona kipande.” Ilikuwa presha ya macho. Ilikuwa imemla taratibu kutoka pembeni, kama ilivyo desturi yake, hata yeye mwenyewe hakujua kiasi gani. Leo anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Dawa ya matone huzuia kilichobaki kisiende, kilichokwenda hakirudi.

Basi tunacheza kwa maneno. Kila Ijumaa mchana nakwenda nyumbani kwake Kikuyu, shemeji anatuwekea chai na karanga (ndiyo, karanga), nami nakaa mbele ya kompyuta, yeye anakaa kitini macho ameyafumba, maana anasema kipande kinamchanganya kuliko giza. Namweleza. Yeye anaamua.

Nilifundisha ufafanuzi wa mandhari darasani kwa zaidi ya miaka thelathini, lakini hakuna mwanafunzi aliyenibana kama huyu. Nikisema, “Mbele kuna mteremko,” ananiuliza, “Mteremko kwa nani? Kwa anayetoka Dodoma au kwa anayekwenda?” Na kweli, kwa lugha yetu mteremko na mlima hutegemea umesimama wapi; kilima kimoja cha Saranda ni mlima kwa treni ya magharibi na mteremko kwa treni ya mashariki, na asiyesema mwelekeo hajasema kitu. Nikisema kona, anauliza kama ni kona au tao. Kona huvunja, tao hupinda, na kichwa kirefu hakipiti kwenye kona. Nikisema kushoto, ananikatiza: kushoto kwako au kwa treni? Tumeacha kushoto na kulia, tunatumia kusini na kaskazini, maneno ya upepo wa jahazi, na kwa mara nyingine nikajiona nimo ndani ya chombo, nikimsomea nahodha bahari.

Ipo siku nilipambapamba. Nilimwambia bonde la Kinyasungwe limelala kama nyoka aliyeshiba. Akanyamaza, kisha akasema kwa upole, “Mwalimu, nyoka sikupi daraja. Mto una upana wa vigae vingapi?” Ulikuwa vitatu. Yeye anaukumbuka mto huo ukiwa mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka, na anaukumbuka mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 ulipoinua njia kati ya Kilosa na Gulwe na kusimamisha safari. Akaagiza daraja liwekwe juu zaidi kuliko mchezo ulivyodai. Fedha zikapungua, na mito ya mchezo wenyewe haifuriki hata. Sikumbishia.

Tangu hapo mashairi yangu yamebadilika. Wanaonisoma hapa wamekwisha kuniambia. Tashibihi zimepungua. Kabla sijaiandika moja najiuliza kama mtu aliyefumba macho anaweza kupitisha treni juu yake.

Mwaka jana nilimsindikiza Dar es Salaam kuonwa na madaktari, tukapanda treni ya umeme. Alikaa dirishani kwa mazoea. Tulipokwisha kuondoka Dodoma akainamisha kichwa, akatega sikio, akakunja uso. “Haina viungo,” alisema. Nilielewa mara moja. Reli ya zamani ilikuwa na viungo kati ya pau na pau, na gurudumu lilipovuka kiungo liligonga; watoto wa njia tulijifunza mizani kwa mgongo wetu kabla ya kufundishwa na kitabu. Mwalimu yeye alihesabu migongo hiyo kwa saa ya mkononi, akajua mwendo wa treni bila kumwuliza mtu. Pau za reli mpya zimechomelewa zikawa kitu kimoja. Treni inakwenda kilomita 160 kwa saa kama maji ndani ya mfereji, na kwa asiyeona haijasogea.

Ikabidi nimsomee safari. Nilimtajia Igandu, naye akavua kofia. Nilimtajia Gulwe. Mahali fulani njia ya zamani ilionekana chini yetu, nyembamba, mataruma yake ya chuma yakiwa na kutu, na mtoto na mbuzi wake wamesimama juu yake bila wasiwasi. Nilimweleza tu hivyo, bila nyoka. Alicheka kwa sababu ya mbuzi.

Kisha akaniuliza treni hii inapata wapi nguvu, namaanisha kwa macho, kinaonekana nini. Nikamweleza kile chuma kilicho juu ya paa, kinachokunjuka na kuinuka kugusa waya, na kulala chini treni inapopumzika. Akauliza kinaitwaje. Nikasema wengi husema mkono. Hakuridhika, mkono, alisema, hushika, na hiki umeniambia kinagusa tu. Tulikuwa tumepita Morogoro alipoinua kidole. Alipokuwa Kilwa, mwalimu kijana aliyetoka bara, jambo la kwanza lililomshangaza pwani lilikuwa ule mti wa tanga unaopandishwa juu ya mlingoti wakati wa kusafiri na kushushwa chombo kinapotia nanga. “Foromali,” alisema. “Kama taruma lilitoka jahazini, hilo nalo litoke huko huko.”

Mimi nadhani abiria wa Dodoma hawatalikubali, ni refu na ni la mbali, na nimemwambia hivyo. Anasema hata taruma lilikuwa la mbali. Katika ramani yetu sasa tuna treni za umeme, na kila Ijumaa yeye husema foromali, mimi husema mkono. Tawi la Hogoro tumelijenga, kwa amri yake. Mahindi ya mchezo tumeyaita karanga, na maji tunayapeleka Kongwa kwa mabehewa sita. Limeingia mwaka wa tatu wa hasara. Mchezo umetuma onyo, nikamsomea. Akaniambia nichukue mkopo.